Kwa nini bado natetea kusoma biashara na mazingira kwa pamoja

Hesabu iliyonibakiza chuoni mwaka mmoja zaidi ni hii. Hasara ya 1,000,000 itatokea miaka 50 kuanzia leo. Je, leo tuihesabu kuwa kiasi gani? Katika darasa la fedha tulitumia kiwango cha punguzo cha asilimia 8, yaani kile kiwango kinachoishusha fedha ya kesho ili ilinganishwe na ya leo, na jibu likatoka takribani 21,300. Siku chache baadaye, katika darasa la uchumi wa mazingira, swali lile lile tulilifanya kwa asilimia 1.4. Jibu: takribani 499,000. Majengo mawili yanatazamana, yametenganishwa na barabara, na hasara ile ile imekua zaidi ya mara 23 kwa kuvuka tu. Nilirudia hesabu usiku ule mpaka nikaridhika kwamba hakuna aliyekosea kuzidisha.

Asilimia 1.4 haikuokotwa. Ndicho kiwango kinachokaribia kile alichokitumia Nicholas Stern katika ripoti ya mwaka 2006 aliyoiandalia serikali ya Uingereza kuhusu uchumi wa mabadiliko ya tabianchi. Msimamo wake ni kwamba mtu hapungukiwi thamani kwa sababu tu amezaliwa baadaye. Kwa hiyo alikata asilimia 0.1 tu kwa mwaka, kwa ajili ya uwezekano kwamba binadamu watakuwa wametoweka kabisa, na sehemu iliyobaki ikatokana na dhana kwamba vizazi vijavyo vitakuwa tajiri kuliko sisi. William Nordhaus, aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2018, alimpinga waziwazi. Yeye alitaka kiwango kiendane na faida ambayo mtaji unaipata kweli sokoni.

Mwalimu wetu wa fedha alisimama upande huo, na alikuwa na hoja. Ukiweka 21,300 leo kwenye mradi unaozaa asilimia 8 kila mwaka, baada ya miaka 50 utakuwa na milioni nzima. Wakabidhi wajukuu, walipe hasara yao. Ukiizika fedha hiyo kwenye mradi unaozaa asilimia 1.4, umewanyima. Sijawahi kuidharau hoja hii, na nawashangaa wanamazingira wanaoipita kana kwamba ni uchoyo tu. Inapoyumba ni pale hasara yenyewe inapokuwa haina duka la kuinunulia mbadala. Miamba ya matumbawe ikishakufa, milioni iliyoko benki haiirudishi. Tena hoja nzima inategemea kuwepo kwa mtu aliyeiweka kweli ile 21,300 kwa jina la wajukuu hao. Nimekaa kwenye vikao vingi vya bajeti, na mfuko wa namna hiyo sijauona hata mara moja. Hasara hupunguzwa kwenye karatasi, fidia nayo hubaki kwenye karatasi.

Hapo ndipo ninapojenga msimamo wangu wote. Aliyesoma upande mmoja peke yake atapata jibu moja na ataliona ni hesabu. Aliyekaa madarasa yote mawili anajua kwamba kile kiwango ni uamuzi: kuna mtu alikichagua, kwa sababu fulani, na anaweza kuombwa azitaje. Sijui njia nyingine ya kulijua hilo mpaka liingie mwilini, isipokuwa kufundishwa majibu yote mawili na watu wanaoyaamini kwa dhati.

Wanaoniandikia kuniuliza juu ya masomo haya huanza na gharama, na wana haki. Kwa kawaida uzamili wa usimamizi wa biashara (MBA) ni miaka miwili, na uzamili wa mazingira pia ni miaka miwili. Ukivisoma pamoja unamaliza kwa mitatu, kwa kuwa baadhi ya krediti zinahesabiwa pande zote mbili. Ndivyo ilivyo katika vyuo vikuu vya Marekani vya Yale na Duke, na ndivyo ilivyo Michigan, ambako Taasisi ya Erb imekuwa ikiziunganisha shahada hizi tangu miaka ya 1990. Mtu huona ameokoa mwaka mmoja. Mimi naona ameongeza mmoja, maana wengi wangeishia kwenye shahada moja. Mwaka huo una ada yake, na juu ya ada kuna mshahara ambao hukuupokea. Kwa mtu mwenye wategemezi huo si mzigo mdogo, na chuo kisichokuwekea mshahara huo kwenye hesabu hakikuambii bei kamili.

Basi kwa nini usichukue MBA peke yake, ukaongeza kozi mbili tatu za hiari kuhusu uendelevu? Ndiyo njia inayopendekezwa zaidi, na ndiyo ninayoipinga zaidi. Kozi ya hiari inakuja baada ya macho yako kuwa yamekwisha kufundishwa kutazama. Unajifunza msamiati wa mazingira, unaweza kuutumia vizuri kabisa kwenye mkutano, ila huwezi kutambua namba mbovu inapopita mbele yako.

Nitoe mfano wa namba hizo, maana ndizo zinazojaza siku zangu za kazi. Mwongozo wa kupima gesi joto unaotumiwa na kampuni nyingi duniani, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2001, unagawa uzalishaji wa gesi katika mafungu matatu. La kwanza ni la mitambo na magari yako mwenyewe. La pili linatokana na umeme unaoununua. La tatu ni mengine yote: malighafi, usafirishaji, safari za kikazi, na jinsi mteja anavyoitumia bidhaa mpaka anapoitupa. Kwa anayeuza mafuta au magari, fungu la tatu ndilo kubwa kupita kiasi, kwa sababu moshi unatoka kwa mteja.

Sasa, fungu hilo hupimwaje? Mara nyingi halipimwi. Mtu wa ofisi anachukua kiasi cha fedha kilichotumika kununua, tuseme, chuma, anakizidisha kwa wastani wa gesi kwa kila kipande cha fedha katika sekta ya chuma, anaandika jibu. Tazama kinachofuata. Ofisa ununuzi akipatana bei, akapata chuma kile kile, kutoka tanuru lile lile, kwa bei pungufu kwa asilimia 10, gesi ya chuma hicho kwenye ripoti imeshuka kwa asilimia 10. Hewani hakuna kilichobadilika. Akifanya jambo jema, akanunua chuma kilichotengenezwa kwa njia safi zaidi lakini cha bei ya juu, ripoti itasema ameongeza uchafuzi! Nimeliona hili kwenye jedwali halisi, limepita mikononi mwa watu sita wenye shahada nzuri, na wote walipongezana kwa kushuka.

Mhitimu wa biashara aliiona namba ile akaichukulia kama namba ya uhasibu, kitu kilichohesabiwa. Mwenzake wa mazingira alijua fika kwamba wastani ule ni wa kubahatisha, lakini hakujua vocha za ununuzi zimewekwa kwenye akaunti zipi, kwa hiyo hakuwa na pa kuanzia kuisahihisha. Anahitajika mtu anayeweza kufungua leja ya ununuzi na pia anayejua tanuru la chuma linakula nini. Wawili wanaweza kushirikiana, ndiyo. Lakini ili washirikiane lazima mmoja wao ashtuke kwanza.

Gharama ya kutoshtuka tumeiona. Tarehe 8 Novemba 2018 kulabu iliyolika kwenye mnara wa njia ya umeme yenye umri wa karibu karne moja, mali ya kampuni ya PG&E huko California, ilikatika. Moto uliozuka uliuteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85. Januari 2019 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika, ikielemewa na madai ya mioto ya mwaka 2017 na 2018. Mwaka 2020 ikakiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Kubadilisha au kutobadilisha kulabu ni mstari kwenye bajeti ya matengenezo. Ukavu wa nyasi, upepo wa vuli, mvua zilizochelewa, hayo ni ya ikolojia. Katika shirika la aina ile mambo haya hukaa idara tofauti, yana ripoti tofauti, na yanakutana siku cheche inapodondoka.

Kuna sababu moja ya kuchukua masomo haya ambayo sipendi kuisikia: kwamba sheria mpya za kutoa taarifa za mazingira zinaleta ajira. Zinaleta, kweli. Juni 2023 vilitoka viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu na za tabianchi, na Umoja wa Ulaya tayari ulikuwa na sheria yake pana kuliko hiyo. Lakini Februari 2025 Tume ya Ulaya yenyewe ilipendekeza kupunguza kwa kiasi kikubwa idadi ya kampuni zinazobanwa na sheria hiyo. Aliyesomea kujaza fomu yuko mashakani. Aliyesomea namba zinavyozaliwa bado ana kazi, kwa kuwa benki, wawekezaji na kampuni za bima wataendelea kuuliza.

Lawama yangu kwa programu hizi ni kwamba nyingi zinakuruhusu kupita bila jasho. Chuoni kwangu vitivyo viwili vilisainiana mkataba na kisha havikuongea. Ratiba ziligongana kila muhula. Mradi wetu wa mwisho ulikuwa na wasimamizi wawili ambao walionana kwa mara ya kwanza siku ya utetezi, na mmoja akatumia robo saa kuuliza maana ya neno ambalo mwenzake alilifundisha muhula mzima. Kilichounganisha shahada zile mbili kilikuwa sisi wanafunzi, kwa kubishana usiku. Liliniudhi wakati ule na linaniudhi mpaka leo, kwa sababu ada tulilipa pande zote mbili.

Kwa hiyo ukiingia, usikubali kubebwa. Upande wa mazingira kuna njia nyepesi ya kupitia, ya sera na mijadala, na unaweza kuhitimu bila kushika chombo cha maabara. Chukua takwimu. Chukua haidrolojia, yaani sayansi ya maji, au sayansi ya udongo, hata ukipata alama ya kukuaibisha. Upande wa biashara, njia nyepesi ni kozi za uongozi na mikakati; wewe kaa kwenye uhasibu na fedha mpaka uweze kusoma mizania bila kushikwa mkono.

Wengine wasihangaike kabisa. Anayetaka kuwa mtafiti achimbe kina kwenye fani moja. Mhasibu aliyekwisha kubobea anahitaji upande wa pili tu. Na kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi afanye kazi kwanza miaka mitatu minne, mahali popote penye bajeti, mashine na bosi, ili akifika darasani awe na jambo la kuliuliza.

Kabla ya kulipa ada, waombe wakupe majina ya wahitimu watatu wa miaka mitano iliyopita, uzungumze nao bila ofisi ya udahili kuwepo. Waulize mwaka wa tatu waliutumia kufanya nini, na kama kuna kozi hata moja iliyofundishwa na walimu wa pande zote mbili wakiwa chumba kimoja, wakibishana mbele yao. Kama kozi hiyo haipo, tafuta chuo kingine.