Matanga Yana Mahali Pake Kwenye Bajeti

Ripoti ya kwanza niliyoiandika peke yangu ilikuwa na kurasa tisa. Katika ukurasa wa sita nilimweleza mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, pale soko la Kibuye mjini Kisumu, kwamba michango ya matanga ni matumizi yasiyo ya lazima, na kwamba akiipunguza kwa nusu ataweza kuongeza magunia mawili ya stoki kabla ya Krismasi. Alimpa mwanawe amsomee. Wiki iliyofuata akaja ofisini, akaketi, akaweka kipochi chake juu ya magoti, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nyathina, mwanangu, wewe umewahi kufiwa?"

Nilikuwa na miezi miwili kazini. Sikuwa na la kumjibu. Sasa mwaka wangu wa kwanza umekwisha na jibu ninalo, ndiyo maana naandika. Naamini sisi washauri wa fedha wa huku Kisumu na Magharibi tunawapotosha wateja wetu katika jambo hili, tena tunawapotosha bila wasiwasi wowote.

Kwetu ni Butere. Nilisomea biashara Maseno, pale barabara ya kwenda Busia inapokata ikweta, kisha nikaajiriwa na kampuni ndogo ya ushauri mjini Kisumu. Kazi ya mgeni inajulikana: unapewa taarifa ya M-Pesa ya mteja ya mwaka mzima, unaipanga mstari kwa mstari, haya mauzo, hii nauli, hii karo, huu mkopo. Juni ikifika unashinda kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kwa sababu tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani na wengi hukumbuka siku tatu kabla. Hayo mtu huyazoea upesi. Kilichonichukua mwaka mzima ni kuelewa nilichokuwa nikikisoma.

Omena wenyewe walinifundisha kwanza. Jedwali tulilokuwa tukilitumia lilichukua mapato ya mwaka na kuyagawa kwa 12. Omena hawavuliwi hivyo. Wavuvi huingia ziwani usiku na taa, zamani karabai na siku hizi za sola, na samaki huufuata mwanga. Mbalamwezi ikikolea taa haifui dafu, kwa hiyo kila mwezi una siku ambazo mashua hurudi na kidogo au hazitoki kabisa. Mvua ikiwanyeshea omena kabla hawajakauka, bei inaporomoka mpaka ile ya chakula cha kuku. Na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wao hufungwa ili wazaane. Mwanamke huyu aliyapanga yote haya kichwani, mwaka baada ya mwaka, huku akisomesha watoto wanne. Kwenye daftari lake, kando ya tarehe fulani fulani, alichora duara dogo. Nilidhani ni alama ya wadeni. Kumbe ulikuwa mwezi mpevu.

Siku nilipoelewa lile duara nilirudi kwenye safu ya matanga nikaanza upya. Nilipitia miezi 12. Hakuna mwezi hata mmoja ambao hakuchanga. Mchango mdogo kabisa ulikuwa shilingi 100, mkubwa 6,000, na kwa wastani alitoa kama 2,400 kwa mwezi. Jambo linalotokea kila mwezi, kwa kiasi unachoweza kukikadiria, utaliitaje dharura? Utaliitaje ubadhirifu? Hiyo ni gharama, sawa na kodi ya kibanda. Wafanyabiashara ambao mauzo yao ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hutozwa ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaokatwa kwenye mauzo yote bila kujali kama mtu amepata faida au hasara. Mshauri anaweza kuulalamikia, lakini anauwekea safu yake na kuupangia pesa. Matanga tunayakatalia safu, halafu tunashangaa mipango yetu inapovunjika mwezi wa pili.

Lipo pia suala la bima, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Bima ya mazishi tunaiita mpango mzuri. Mteja akilipia kila mwezi tunampongeza. Akitoa kiasi kile kile kwa jirani aliyefiwa, tunaandika kwamba pesa imepotea. Mume wa huyu mama alipofariki, miaka michache kabla sijamjua, bili ya hospitali, jeneza na chakula cha siku zote vililipwa na watu aliowachangia. Orodha anayo mpaka leo: jina, kiasi, na aliyeleta mahindi au kuni badala ya pesa. Kila boma ninalolijua, la Wajaluo na la Waluhya, lina daftari kama hilo. Ukilisoma kwa macho ya mhasibu utaona ni hesabu kamili ya wadai na wadaiwa, iliyotunzwa vizuri kuliko vitabu vya biashara nyingi ninazozihudumia.

Tena bima ikishalipa imemaliza. Mchango unaendelea kufanya kazi. Kwenye SACCO, mkopo wa kawaida hufika hata mara tatu ya akiba yako, ila sharti uwe na wadhamini, watu walio tayari kukatwa akiba zao wenyewe ukishindwa kulipa. Hao wadhamini wanatoka wapi? Wanatoka kwenye zile turubai za matanga. Mama huyu alipata wadhamini watano kwa siku moja. Kijana mmoja wa rika langu, mwenye mshahara na kitambulisho cha kazi, aliwatafuta wiki tatu. Haonekani kwenye matanga ya mtu.

Mimi mwenyewe nilifiwa Septemba. Nyanya yangu, aliyenilea mpaka darasa la sita. Nilikuwa njiani kwenda Butere simu ilipolia, na ujumbe wa M-Pesa ulikuwa na jina la yule mama: shilingi 500. Sijui nani alimwambia. Oktoba alipoleta daftari, kwenye safu ya michango nilikuta mstari umeandikwa "Nyar Butere, 500", binti wa Butere. Niliuingiza kwenye jedwali kwa mkono wangu. Ingekuwa ile ripoti yangu imefuatwa, mstari huo usingekuwepo, na mimi ningekuwa nimeuhesabu kama mafanikio.

Sitetei kila kitu kinachofanywa kwa jina la marehemu. Nimeona familia ikiuza ng'ombe wa maziwa ili wageni wale nyama siku mbili, kisha watoto wakarudishwa nyumbani kwa karo. Nimemwona mwendesha bodaboda akichukua mikopo ya simu mitatu kwa usiku mmoja ili asionekane mnyonge mbele ya mashemeji, na pikipiki ikachukuliwa kabla ya arobaini. Hapo sinyamazi. Namwambia mteja waziwazi kwamba mchango hautolewi kwa mkopo, na stoki haiguswi. Ila naweza kumwambia hivyo, naye akanisikiliza, kwa sababu nimeanza kwa kukubali kwamba atachanga.

Njia ninayoitumia sasa ni nyepesi. Pesa za biashara zinaingia kwenye till au Pochi la Biashara, namba za M-Pesa za kupokea malipo ya wateja, mbali na namba ambayo ndugu wote wanaijua. Kila Jumapili, siku ya soko kubwa Kibuye, kiasi fulani kinahamishiwa kwenye namba ya nyumbani, na ndani yake kuna sehemu ya matanga iliyokadiriwa kutoka kwenye daftari la mwaka uliopita. Ikiisha, anayeombwa anasema imeisha mpaka wiki ijayo, na anasema ukweli. Isipotumika, inabaki kungoja mwezi mgumu. Kwa wauza omena tunaweka zaidi kuanzia Agosti, uvuvi unapofunguliwa, ili Aprili isiwakute mikono mitupu.

Namshukuru msimamizi wangu, ambaye hakukubaliana nami mara moja. Aliniuliza kwa nini kampuni iweke safu ambayo vitabu vya taaluma havina. Nilimwonyesha madaftari saba ya wateja saba. Yote yalikuwa nayo. Sasa iko kwenye jedwali letu, na mgeni anayekuja baada yangu ataikuta.

Wapo wenzangu wanaosema hivi tunauendeleza umaskini, kwamba mtu hujenga mali akijifunza kusema hapana kwa jamaa zake. Nawaheshimu, wengine ni walimu wangu. Lakini wanapiga hesabu ya mtu mmoja, na mimi sijakutana na mtu huyo. Mwalimu mstaafu aliyekuja kuuliza afanye nini na kiinua mgongo chake alikuja na kaka yake, kifungua mimba wake na mke wake. Viti havikutosha, nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza hatifungani za serikali, zinazoanzia shilingi 50,000, badala ya matatu aliyokuwa anaitamani. Kama ningezungumza naye pekee angeitikia kwa adabu, halafu akaenda kununua matatu. Aliyeuliza maswali magumu ni mkewe, na ndiye aliyeamua.

Kuna jambo moja sijalipatia jibu. Kiasi tunachokipanga kinatosha matanga ya majirani, ya wanachama wa chama, ya jamaa wa mbali. Hakitoshi anapoondoka mtu wa ndani kabisa. Shemeji yake yule mama amelazwa, na habari si nzuri. Jumamosi alinipigia kuuliza ikiwa anaweza kugusa pesa za Aprili. Tumekubaliana nimfuate Kibuye Jumapili hii, tuketi nyuma ya magunia na daftari zote mbili, la biashara na lile la matanga ya mumewe. Anataka kwanza tuhesabu shemeji alitoa ngapi.