Sabufa Kitandani

Jana usiku muuaji alitajwa jina. Saa nzima na nusu nimevumilia, nimehesabu washukiwa kwa vidole, nimemshuku mpaka farasi. Mwishoni yule mpelelezi akamwinamia mwenzake sikioni, akasema: "Aliyeua ni mhmhmm." Filamu ikaisha. Mimi nimebaki na mhmhmm.

Nikarudisha nyuma. Nikapandisha sauti hadi 40. Mhmhmm. Nikapandisha hadi 60, nikasogea mpaka ukingo wa kitanda, shingo mbele kama kobe anayeuliza njia. Hapo hapo filamu nyingine ikajianzisha yenyewe bila hodi, nayo inaanza kwa mlipuko. Yaliyofuata mnayajua, yameshawatokea. Mtoto analia, jirani anagonga ukuta, na mama watoto amekaa wima kitandani akitaka kujua tunavamiwa au tunahama.

Hizi televisheni zimekonda siku hizi, sawa, zinapendeza ukutani. Lakini spika zimefichwa chini au nyuma. Mwigizaji ananitazama mimi usoni, maneno yake anampa mjusi aliyeko nyuma ya televisheni.

Nikaamua: saundiba, ile spika ndefu nyembamba inayolazwa chini ya televisheni. Chumba changu kina urefu wa mita tatu na nusu. Toka kwenye mto wa kulalia hadi kwenye skrini ni hatua tatu, na mbili nikiwa na haraka. Haja yangu ni moja: watu wakisema, nisikie. Sasa jaribu kuitafuta haja hiyo kwenye boksi. Boksi linakupa wati. Wati 500! Wati 1000! Herufi kubwa kuliko jina la kifaa chenyewe. Ukisoma yale maandishi ya sisimizi pembeni unakuta ni wati za kilele, yaani zile ambazo kifaa kinazigusa kwa kufumba na kufumbua. Hata mimi nikifukuzwa nina mbio zangu za kilele, lakini mtu asije akanipangia safari kwa mbio hizo. Tena ukiongeza wati maradufu unaambulia desibeli 3, ambazo sikio linazipokea kama mtu aliyesogeza kiti kidogo.

Halafu namba. 2.0, 2.1, 3.1, 5.1.2. Mwanzoni nilidhani ni vifungu vya mkataba. Kumbe ya kwanza ni spika za usawa wa masikio, ya pili ni sabufa, yaani spika ya besi, ile sauti nzito, ya tatu ni spika zinazotazama juu ili sauti igonge dari na kukurudia kichwani, uhisi helikopta inapita. Nani ameomba helikopta? Usiku, nimevaa shuka? Isitoshe, mambo hayo yanataka dari tambarare, na langu lina feni na mteremko. Helikopta yenyewe itaanguka.

Bado kuiunganisha. Nyuma ya televisheni matundu ya waya wa HDMI yako matatu, lenye maandishi ARC, yaani linalotoa sauti kwenda kwenye saundiba, ni moja, nalo ni lile ambalo mkono haufiki. Bluetooth nimeijaribu: mtu anafunga mdomo ndipo neno linafika.

Sasa, kosa langu lilikuwa kumwambia shemeji.

Kila ukoo unaye mtu wa namna hii. Ukitaja kikohozi yeye ni daktari, ukitaja paa yeye ni fundi. Leo asubuhi, kabla sijapiga mswaki, alikuwa mlangoni na futi kamba shingoni, amekumbatia sabufa yake kama mtoto mchanga. Akapitiliza chumbani. Akasimama katikati, akapiga kofi: pwaa! Akainamisha kichwa. Akaenda kwenye kona, akapiga jingine. Nikadhani anaua mbu, nikamwonyesha alipo mmoja.

"Nasikiliza mwangwi, shemeji," akasema kwa masikitiko. "Bahati yako godoro na mapazia vinaumeza kidogo. Haya, lala."

"Nilale?"

"Unavyolala ukitazama."

Nikalala. Mtu mzima, kweupe, nimenyooka kama maiti, shemeji ananipima umbali wa masikio. Mita mbili na sentimita 40. Akaguna. "Masikio yako yako chini mno."

"Ndipo nilipozaliwa nayo, shemeji."

Hakucheka. Akageukia televisheni yangu ya inchi 43, ambayo upana wake haufiki mita moja, akatangaza kwamba saundiba inayonifaa ni ya sentimita 120. Nikamwambia meza yenyewe haina urefu huo, itatokeza huku na huku kama ubao kwenye baiskeli. Na ikikaa mbele ya televisheni italiziba lile jicho la rimoti, niwe nashuka kitandani kuzima kwa mkono. Akasema hayo ni madogo. "Kubwa ni sabufa tutaiweka wapi. Hapo pana sayansi."

Sayansi yenyewe ni hii, na msidhani natania, watu wa sauti wanaifanya kweli. Mawimbi ya besi ni marefu. Yale ya hezi 50 yanakaribia mita 7, yaani mara mbili ya chumba changu. Hayana pa kwenda, kwa hiyo yanagonga ukuta, yanarudi, yanakutana njiani; mahali pengine yanaongezana nguvu, mahali pengine yanauana. Kuzungusha sabufa kila kona ni kazi. Basi unaiweka sabufa pale kinapokaa kichwa chako, unaiwasha, halafu wewe ndiye unayezunguka chumba, sikio likiwa usawa ambao sabufa ingekuwepo. Pale besi itakaposikika imetulia, ndipo mahali pake.

"Usawa ambao sabufa ingekuwepo," nikamuuliza taratibu, "si ni sakafuni?"

"Utatambaa, shemeji."

Akailaza sabufa juu ya mto. Akaona inayumba, akaiegemeza kwa mto wa pili. Akaiwasha: vuuuuum. Nami, mtu ninayesalimiwa kwa heshima mtaani, nikashuka kwa magoti.

Kwenye kona ya kabati besi iliniingia mpaka kwenye magego. Nikasogea hatua mbili za goti: kimya, kama mtu amezima. "Usipite hapo haraka!" shemeji ananiamrisha toka juu ya kiti. "Rudi! Geuza kichwa! Sikio la kushoto!" Nikaingia uvunguni. Huko nimekuta kijiko, soksi, na rimoti ya redio tuliyoigawa zamani. Nilipotokea upande wa pili mtoto wetu mdogo alikuwa ananisubiri, akanipanda mgongoni, akanipiga teke la ubavu. "Twende!" Nikaenda. Ningefanyaje? Shemeji akasema uzito huo unasaidia, unanishusha usawa unaotakiwa.

Mama watoto akaingia hapo.

Akamtazama kaka yake juu ya kiti. Akanitazama mimi, magoti chini, mtoto mgongoni, kijiko mkononi. Akatazama kitanda. Mimi hakuniuliza neno. Alisema tu: "Nani ameilaza hiyo kwenye mto wangu?"

Nikasubiri shemeji ajibu. Shemeji akakagua dari.

Mahali bora, mkitaka kujua, pamepatikana. Ni nyuma ya mlango. Yaani pale hasa mlango unapofikia ukifunguka. "Utafunguka nusu," shemeji akanifariji, "mtakuwa mnapita kwa ubavu." Nikamuuliza habari ya waya. Akasema sabufa hii haina waya. Nikaunyanyua waya wake mbele ya macho yake. "Huo ni wa umeme," akasema, "wa sauti ndio hauna." Na soketi iko ukuta wa pili, imebeba feni, chaja tatu na taa ya mtoto. Na huo ukuta wa mlangoni, ng'ambo yake kuna kichwa cha jirani, yule aliyegonga jana. Besi inapenya ukuta kuliko maneno, kila mtu anajua, harusi za mbali tunasikia dufu-dufu tu.

Jamani. Mimi niliomba maneno! Sikuomba ngurumo, sikuomba tetemeko, sikuomba kutambaa. Nimekuja kugundua mwenyewe, magoti yameshachubuka, kwamba maneno ya watu kwenye filamu hupita zaidi kwenye spika ya katikati, na ile 3 ya kwenye 3.1 maana yake ni hiyo: ya katikati ipo. Na kuna saundiba fupi kama mkono zenye kitufe cha kukuza mazungumzo, na kingine cha usiku kinachobana milipuko isiachane mno na minong'ono. Shemeji alikuwa anajua. Nilipomuuliza mbona hakusema, alijibu, "Hukuuliza. Ulisema unataka sauti nzuri."

Na hawa waigizaji nao, nani aliwakataza kusema? Bunduki wanafyatua, milango wanabamiza, ikifika zamu ya jina la muuaji ndipo wanakumbuka adabu.

Mama watoto anasema jina hilo yeye alilisikia vizuri tu, tena alikuwa amelala. Hatalitoa mpaka nimfulie foronya. Sabufa iko nyuma ya mlango, shemeji ameiacha "mpime wiki moja," na tumbo langu na huo mlango bado tunazungumza.

Foronya nimeiloweka pamoja na ile soksi ya uvunguni. Ni ya kijivu. Mwenzake niliitupa juzi, baada ya kuisubiria miezi minne.