Kabla ya Wakili, Muulize Mvuvi

Tangazo lenyewe mnalijua. Nyumba nyeupe, bwawa la kuogelea, mnazi mmoja umeinama kwa adabu, na jua linazama baharini. Chini yake: "Diani, mstari wa pili, hati safi iko tayari, ofa inaisha Ijumaa." Jamani, Diani, huku kusini mwa Mombasa, bahari iko mashariki! Jua huchomozea baharini, likazama upande wa Ukunda, nyuma ya mashamba. Mtu anayekuuzia machweo ambayo hayapo, utamwaminije akikwambia "hati safi"?

Hayo maneno mawili ndiyo yanayonikera. Aliye Nairobi akiyasikia anatulia. Aliye Dubai anatulia. Aliye Minnesota anatuma pesa kabla hajamaliza chai. Wakili anaangalia rejista, anakuta jina la muuzaji limo, hakuna rehani, hakuna pingamizi la mtu, basi, tupige sahihi. Wengine hata hiyo rejista hawaiangalii. Wanatumiwa picha ya hati kwa simu na wanairushia familia nzima pongezi.

Cheti cha uchunguzi kutoka ofisi ya ardhi kinakwambia nani ameandikwa leo. Aliandikwaje, hakisemi. Na pwani yetu, shida zote ziko hapo kwenye "aliandikwaje".

Kama unadhani natia chumvi, isome hukumu ya Mahakama ya Juu ya Aprili 2023 katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti iko Nyali, imepakana na ufuo. Mwaka 1989 ilipewa Rais wa wakati huo, Moi. Ikauzwa kwa kampuni, kampuni ikaiuzia nyingine. Mnunuzi wa mwisho alikuwa na hati, tena hati iliyotoka serikalini, si ya kuchapwa uchochoroni. Mwaka 2017 kaunti ikaja, ikaubomoa ukuta na kufungua njia ya kwenda baharini. Kesi ikapanda ngazi zote, na majaji wakasema hivi: ardhi ile ilikuwa eneo la wazi la umma, ugavi wa kwanza, yaani serikali kuigawa mara ya kwanza, haukufuata sheria, kwa hiyo hakuna aliyefuata nyuma angeweza kupata umiliki halali. Kununua kwa nia njema hakukumsaidia. Kuonyesha hati hakukumsaidia. Miezi mitano baadaye mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Torino Enterprises, ikaongeza kwamba barua ya ugavi peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Na bado kuna watu wanauziana barua za ugavi!

Sasa jiulize ploti za mstari wa kwanza na wa pili kutoka baharini zilitoka wapi. Nyingine zilipimwa zamani na zina historia ndefu iliyonyooka. Nyingine zilikatwa miaka ya themanini na tisini kutoka kwenye njia za kuendea ufuo, maeneo ya wazi na madiko, yaani mahali wavuvi wanapotia nanga, wakapewa wakubwa, nao wakaziuza haraka kabla upepo haujageuka. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, iliyatolea ripoti mambo ya namna hii mwaka 2004. Ripoti ikawekwa kabatini, ploti zikaendelea kuuzwa, na juu ya baadhi yake leo kuna nyumba za kupangisha wageni zenye mito ya manjano na jina la Kitaliano.

Kwa hiyo kazi ya mnunuzi ni kurudi nyuma hadi mwenye ardhi wa kwanza kabisa. Inafanyika hivi.

Anza na namba. Pwani utakuta ploti za Kwale zenye majina ya bloku kama Diani Beach Block, za Mombasa zinazoanza na MN au MS, za Malindi na Watamu zinazoitwa Portion, na nyingi zina namba ya CR ya masjala ya Mombasa. Namba za zamani zinageuzwa kuwa mpya, na orodha ya mabadiliko hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukipewa namba mpya peke yake, idai ya zamani. Bila ya zamani huwezi kupata faili.

Halafu omba nakala iliyothibitishwa ya rejista nzima, ile kadi au faili yenye kila mwenye ardhi, kila tarehe na kila rehani. Mwambie wakili wako hivyo hivyo, kwa maandishi, maana usipomwambia atakuletea ukurasa mmoja na ankara. Isome kuanzia mstari wa kwanza. Kama ardhi iligawiwa na serikali, lazima kuwe na mchoro wa mpango ulioidhinishwa kabla ya ugavi, barua ya ugavi, malipo yaliyofanywa ndani ya muda wa barua, kisha upimaji, kisha usajili. Kwa mpangilio huo. Upimaji ukitangulia mpango, simama. Mtu akipewa ploti na kuiuza mwezi uliofuata, simama. Ardhi ikibadili mikono mara tatu ndani ya miaka miwili, tena kwa kampuni ambazo hazijulikani zinafanya biashara gani, simama kabisa.

Kisha ramani. Mtafute mpima ardhi mwenye leseni, wako mwenyewe, asiwe yule anayependekezwa na broka. Achukue ramani ya upimaji ya zamani kuliko zote inayopatikana na ya sasa, aziweke pamoja. Njia ya kwenda baharini iliyokuwapo kwenye ya zamani na haipo kwenye ya sasa haikuyeyuka. Imo ndani ya ploti ya mtu, na huenda mtu huyo ni wewe wa kesho. Atafute bikoni zote za mpaka chini, zile za chuma au zege, si vijiti vilivyopigwa rangi nyekundu asubuhi ile. Upande wa bahari ndio wa kutazama kwa makini: Katiba, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji makuu na maji madogo, yaani bahari inapofika ikijaa na ikipwa, ni ya umma. Kwa hiyo anayekuuzia "ufuo binafsi" anakuuzia mali ya wananchi milioni hamsini na kitu, wote wana haki ya kuja na mandazi yao Jumapili.

Baada ya karatasi, nenda diko lililo karibu alfajiri au magharibi, wavuvi wanapotoka au kurudi. Salimia kwanza, shikamoo kwa wazee, kaa. Uliza njia ya kupitishia mashua ilikuwa wapi kabla ya ule ukuta. Uliza ule mbuyu uliozungushiwa kitambaa ni wa nani na watu huja kufanya nini hapo. Uliza minazi ni ya nani, kwa sababu huku ardhi inaweza kuwa ya mmoja na minazi ya mwingine, na huyo mwingine atakuja na wanawe siku ukileta msumeno. Uliza nani analima nyuma pale na tangu lini. Sheria yetu ya ukomo wa madai inamruhusu aliyekaa wazi kwenye ardhi ya mtu miaka 12, bila ruhusa na bila kufukuzwa, kwenda kuidai mahakamani, na mabadiliko ya jina kwenye hati hayamfuti. Muuzaji atakwambia hao ni "maskwota tu, tutawaondoa." Basi awaondoe kwanza, kwa njia ya sheria, ndipo mzungumze bei.

Wenye suti huliona hilo la wavuvi kuwa la kienyeji. Lakini katika ugomvi wa njia za ufuo, mara nyingi ushahidi unaanza na wao: mzee anayejua baba yake alipitia wapi. Faili inaweza kupotea ofisini. Mzee wa diko hapotei.

Nakubali, shingo upande, kwamba Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi wa mtandaoni, imepunguza foleni na vishoka kadiri inavyofika kaunti moja baada ya nyingine. Lakini kompyuta huonyesha kilichoingizwa. Ugavi mbovu wa mwaka 1989 ukiingizwa vizuri, utaonekana vizuri.

Mengine kwa haraka. Kama muuzaji si raia, kumbuka kwamba tangu Agosti 2010 hakuna asiye raia anayemiliki ardhi ya kudumu hapa Kenya. Alichonacho ni ukodishaji usiozidi miaka 99, hata kama anakuonyesha karatasi ya zamani iliyoandikwa 999. Uliza imebaki mingapi. Kama mnunuzi si raia, au ni kampuni yenye hata mwanahisa mmoja asiye raia, Sheria ya Ardhi imeitaja wazi mistari miwili ya kwanza kutoka maji makuu: anahitaji kibali cha maandishi cha waziri. Kama ardhi bado ni ya kilimo, na ploti nyingi za "mstari wa tatu" Galu na Kikambala zilikatwa kutoka mashamba, ombi la idhini ya bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu kutia sahihi, la sivyo mkataba unakufa. Muuzaji akiwa na mke au mume, idhini yake kwa maandishi.

Pesa: amana ya kawaida ni asilimia 10, na ikae kwa wakili kama mshika dhamana, isiingie mfukoni mwa muuzaji hadi uhamisho ukamilike, kwa kawaida siku 90. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na 2 nje ya mji. Kwa nyumba ya milioni 15, hiyo ni laki sita au laki tatu, na unaulipa wewe. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Akijaribu kukutwika, mrudishie.

Nyumba ambayo haijajengwa bado: ulizia hati mama, ile ya ardhi nzima ya mradi, imewekwa rehani benki gani. Mjenzi akikopa kwa hati hiyo na asilipe, wewe uliyelipa kidogo kidogo miaka mitatu unapanga foleni nyuma ya benki. Taka barua ya benki inayokubali nyumba yako itolewe kwenye rehani ukimaliza kulipa. Na iwe na hati yake chini ya Sheria ya Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, isiwe cheti cha hisa kwenye kampuni ya mjenzi.

Nyumba yenyewe usiikague Januari. Januari ni kaskazi, bahari imelala, kila kitu kinapendeza. Njoo wakati wa kusi, Juni au Julai, siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa. Hapo utaona mawimbi yanafika wapi, mwani umelundikana kiasi gani, na ukuta wa jirani unasukumia maji upande gani. Ukuta wa zege mbele ya ploti moja humega mchanga wa ploti inayofuata. Chukua nyundo ndogo, gonga boriti na nguzo. Sauti ya utupu, au ufa wa rangi ya kahawia unaofuata urefu wa boriti, maana yake nondo ndani zinakula kutu, zinavimba na kuupasua zege. Mara nyingi ni mchanga wa bahari uliotumika bila kuoshwa, au zege jembamba juu ya nondo. Rangi mpya haiponyi hilo, ingawa utaikuta mbichi. Maji ya kisima yapime mwishoni mwa kaskazi, Machi, baada ya pampu kufanya kazi saa kadhaa: hapo ndipo chumvi hupanda. Yakizidi miligramu 1,000 za chumvi na madini kwa lita, ulimi wako utakwambia, na hita na mifereji itafuata.

Makuti yanapendeza na yana ubaridi wake, sikatai. Pia yanabadilishwa kila baada ya miaka michache na kampuni za bima zinayaogopa.

Faida ya kupangisha wageni mliyoonyeshwa kwenye jedwali, ihesabuni upya kwa miezi ambayo kweli kuna wageni tu.

Halafu ada ya huduma. Usiulize ni shilingi ngapi tu. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, uone akiba ya matengenezo makubwa ina kiasi gani, na wadaiwa ni wangapi. Mtaa wa nyumba 40 ambamo 15 hawalipi, tena wenyewe wako nje ya nchi, ndio huo ambao bwawa limegeuka kijani, walinzi wamepunguzwa hadi mmoja, na jenereta haina dizeli. Msimamizi akikataa kuzitoa hesabu kwa sababu "ni siri za wamiliki," mwambie muuzaji azitoe yeye, ni mmiliki, kisha umuulize kama yeye mwenyewe amelipa.