Acha kuisifia picha, ieleze

Kurasa za wafanyabiashara wa Dar es Salaam siku hizi zimejaa picha za akili mnemba zinazofanana: mama lishe mwenye tabasamu la tangazo la dawa ya meno, nyuma yake mgunga mmoja na machweo ya mbugani, ilhali kibanda chenyewe kiko Buguruni. Lawama hupewa programu. Mimi naona kosa kubwa liko kwenye prompti, yaani maneno unayoiandikia programu ili ichore: tunaisifia picha badala ya kuieleza.

"Picha nzuri sana, ya kuvutia, ya kisasa, ubora wa hali ya juu." Humo hakuna hata kitu kimoja cha kuchora. Programu hizi zimefunzwa kwa picha zilizoambatana na maelezo mafupi, na hurudisha kile ambacho kwa kawaida huandamana na maneno uliyoandika. Usichokitaja zitakijaza zenyewe, na ukiandika "Afrika" tu, kilicho tele kwenye ghala lao ni hiyo mbuga.

Kwa hiyo taja vitu vinavyoonekana kwa macho. Badala ya "mtaa wa Kariakoo wenye pilikapilika", andika: barabara nyembamba ya lami kati ya maghorofa, maduka ya vitambaa chini, nguo zimetandazwa juu ya turubai, mkokoteni wa magurudumu mawili umebeba maboksi, nyaya za umeme juu. Neno "daladala" nalo usilitegemee. Eleza gari lenyewe: basi dogo jeupe aina ya Toyota Coaster, mstari mpana wa rangi ubavuni, mlango wa abiria upande wa kushoto. Huo mlango ndio wengi wanaousahau. Sisi tunaendesha kushoto, na usiposema hivyo unaweza kuletewa foleni nzima iliyoko upande wa kulia.

Mpangilio nao una uzito. Anza na nani au nini, anafanya nini, yuko wapi, kisha mwanga, kamera iko wapi, na mtindo uje mwisho. Programu ya kuchora ya Stable Diffusion, matoleo ya mwanzo ya 2022, husoma prompti kupitia CLIP, kisomaji maandishi chake, ambacho huishia tokeni 77, na mbili kati ya hizo ni za kufungua na kufunga. Tokeni ni kipande cha neno, na maneno ya Kiswahili hukatwa vipande vingi. Ukianza na sifa, mhusika wako anaweza kukatwa nje kabisa. Tena programu hizo zilifunzwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza, hivyo huko tafsiri kwanza. ChatGPT inakuelewa kwa Kiswahili, ila mara nyingi huiandika upya prompti yako kabla ya kuchora, kwa hiyo iombe ikuonyeshe ilichoandika.

Kwenye mwanga, usiandike saa. "Saa kumi jioni" ikitafsiriwa neno kwa neno kwa Kiingereza inakuwa "10", yaani saa nne yetu, na jua haliko tena pale ulipotaka. Andika: jua la chini kutoka kushoto, vivuli virefu, mwanga wa njano.

Ukanushaji ni mtego mwingine. Ukiandika "bila kofia", kwa programu nyingi umeshataja kofia, na inaweza kuja. Eleza kilichopo ("nywele zimesukwa, kichwa wazi"), au peleka neno "kofia" kwenye kisanduku cha prompti hasi, pale panapoandikwa usichokitaka. Midjourney, programu nyingine ya kuchora, ina --no: unaiandika mwishoni mwa prompti, ikifuatwa na usichokitaka. Rangi nazo huvuja. "Mama mwenye khanga nyekundu ameshika beseni la bluu" anaweza kurudi na beseni jekundu. Punguza rangi zibaki mbili au tatu, na ikishindikana chagua sehemu hiyo pekee ichorwe upya. Maandishi ya khanga na bei ya chipsi viongeze baadaye kwenye Canva, programu ya kutengeneza matangazo. Herufi za kuchorwa mara nyingi hukosewa, hasa za Kiswahili.

Kuhusu namba, kwenye Stable Diffusion za mwanzo CFG, yaani programu iifuate prompti kwa nguvu kiasi gani, huanzia vizuri kwenye 7. Ikipita 15 rangi huungua. Hatua (steps), yaani mara ambazo programu huisafisha picha kabla ya kuimaliza, 20 hadi 30 zinatosha kwa kazi nyingi. Funga namba ya mbegu (seed), ile inayoamua picha inaanzia wapi, halafu badilisha neno moja kwa wakati, vinginevyo hutajua kilichosaidia ni kipi. Ukitaka picha ndefu ya status ya WhatsApp, Midjourney inaelewa --ar 9:16, yaani upana 9 kwa urefu 16. Stable Diffusion 1.5 ilifunzwa kwa picha za pikseli 512 kwa 512. Ukiidai ndefu maradufu, mtu wako huota kichwa cha pili.

Na chakula unachokiuza, jamani, usikichoreshe. Mteja akikuta sahani tofauti na tangazo, ana haki ya kununa. Kipige picha kwa simu karibu na dirisha, zima taa ya ndani, kisha iambie programu ibadilishe mandhari ya nyuma tu. Ikibidi picha yote ipite kwenye programu, weka nguvu ya mabadiliko (denoising strength, kutoka 0 hadi 1) kati ya 0.3 na 0.4. Kwenye 0.7 changu wako wa kukaanga atarudi akiwa samaki mwingine.