Laki mbili na nusu kwa kilo kumi na moja

"Bosi, hiyo betri ya sola?" Kijana wa bodaboda aliniuliza hivyo pale Bangwe, hapa Kigoma, aliponiona nimekumbatia boksi nikitafuta namna ya kupanda. Nikamwambia ni redio, ingawa kwa kweli ilikuwa risiva ya muziki. Akacheka. "Redio gani inabebwa kama mgonjwa?"

Nilipofika Mwanga sikuingia ndani moja kwa moja. Nilipita kwa jirani yangu anayeuza dagaa, nikamwomba mzani. Akafuta magamba kwa kitambaa, tukaweka. Kilo kumi na moja na ushee. Sabufa yangu ya zamani, ile boksi kuu yenye kila kitu ndani, haifiki hata nusu ya hapo, na zaidi ya mbao na sumaku ya spika haina kitu kizito. Uzito wa hii mpya, yaani mpya kwangu, sehemu kubwa ni chuma na shaba ya transfoma. Siku hizi ndicho kitu cha kwanza ninachoangalia kwenye vifaa vya muziki: nanyanyua kwanza, maneno baadaye.

Niseme kwanza ninachozungumzia, maana hapa kwetu ukitamka risiva watu wanadhani ni king'amuzi. Ninayosema mimi ni lile boksi pana linalokaa katikati ya kila kitu. King'amuzi, deki na TV vinaingia humo kwa nyuma, lenyewe linafumbua sauti, linaikuza, kisha linaigawa kwa spika: mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma, na moja ya besi, yaani sabufa halisi. Kwenye sabufa tunazouziwa madukani kazi zote hizo zimebanwa kwenye boksi moja la mbao laini lenye taa za rangi.

Mimi sabufa nimeishi nayo miaka sita na siidharau, imenisomeshea watoto katuni zote. Ila kuna uongo mmoja uliokuwa unanikera kila nikiifuta vumbi. Mbele ina stika ya dhahabu: wati 12,000. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kwa maandishi ya kusomea na miwani, imeandikwa kwamba inakula wati 60. Sasa kifaa kinachokula wati 60 kinatoaje elfu kumi na mbili? Kingekuwa kinafanya hivyo tungekiunganisha kwenye gridi. Ile namba ya mbele wanaiita PMPO, na haina kipimo chochote kinachokubalika. Kila kiwanda kinajipimia kinavyopenda. Namba ya maana ni ile inayoitwa RMS, nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kukoroma.

Na hata hiyo ya kweli msiiabudu. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza sauti kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaisikia bila kushtuka. Ili sauti ionekane imekua mara mbili unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Kwa hiyo mtu anayelipa laki moja zaidi ili atoke kwenye wati 90 kwenda 130 amenunua chini ya desibeli 2. Angenunua waya mzuri na nyama.

Turudi Bangwe. Mzee mmoja mtumishi alikuwa amepata uhamisho, na kila aliyewahi kuhamisha familia kutoka Kigoma anajua kinachofuata: kitanda kinauzwa, kabati linauzwa, mbuzi wanauzwa. Nilisikia ana "redio kubwa ya Kijapani". Nikamchukua fundi wangu wa Ujiji, tukaenda.

Ilikuwa Yamaha ya mwaka 2010, njia saba za spika. Aliinunua Unguja kwenye mitumba, kwa zaidi ya milioni moja wakati huo. Kabla hata haijawashwa fundi aliigeuza akasoma lebo ya nyuma. Hapo ndipo watu wanapoungulia. Vifaa vingi vinavyotoka Japani vimetengenezwa kwa umeme wa volti 100, vya Marekani 120, na sisi ukutani tuna 230. Ukikichomeka kavu, unaweza kusikia mlio mmoja tu, halafu harufu. Miezi michache kabla ya hapo niliikataa moja hapa mjini kwa sababu hiyo hiyo. Muuzaji alinihakikishia kwamba "inabadilika yenyewe". Haikuwa na swichi wala maandishi ya kusema hivyo. Kipo kibadilishi cha umeme cha kuiendesha, lakini ukijumlisha bei yake, tena kiwe cha volti 100 kweli na chenye nguvu ya kutosha, ule urahisi unayeyuka. Hii ya mzee iliandikwa 230. Tukapumua.

Kisha fundi akainama, akaweka pua kwenye matundu ya juu, akanusa taratibu kama mama anayenusa maziwa kujua kama yameganda. "Vumbi na mende," akasema. "Hajaungua mtu humu." Akaiwasha. Kimya. Sekunde moja, mbili, tatu, nne. Halafu *tak*, mlio wa swichi ya ndani. Akanitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ule mlio ni ulinzi: mashine imejikagua, imeona hakuna umeme mchafu unaokwenda kwenye spika, ndipo ikaziunganisha. Isipolia, au ikilia kisha ikazima, usibishane na bei, rudi nyumbani.

Tulipima njia moja moja kwa spika ileile, tukipiga wimbo uleule wa dansi la zamani, mpaka mke wa mzee akaanza kuuimba jikoni. Zote saba zilikuwa hai.

"Shikamoo mzee, sasa tuongee," nikamwambia, ingawa shikamoo nilishampa mlangoni. Alitaka laki nne. Nikasema laki mbili.

"Kijana wangu, unajua hii ilinigharimu kiasi gani?"

"Najua, mzee. Lakini TV za leo haiwezi kuzipitishia picha."

Akanyamaza. Nilikuwa nimegusa mahali penyewe, na ndiyo sababu yangu ya kuandika haya. Kinachozeeka kwenye risiva ni picha. Sauti haizeeki. Zile tundu za HDMI, za waya unaopitisha picha na sauti pamoja, ndizo zinazoifanya ishuke bei. Mwaka 2009 likaja toleo la 1.4. Mwaka 2013 likaja 2.0, lililoweza kupitisha 4K, ile picha kali ya TV za leo, kwa picha 60 kwa sekunde. Mwaka 2014 risiva za nyumbani zikaanza kuwa na Dolby Atmos, mfumo wa sauti unaotumia hata spika za darini. Mwaka 2017 ikatangazwa 2.1 na habari za 8K, picha kali kuliko hiyo 4K. Kila hatua moja, wenye uwezo huko duniani wanatoa ya zamani sebuleni, inaingia kwenye kontena, inafika kwetu. Lakini Dolby Digital, mfumo wa sauti ya spika tano na sabufa, ilianza kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, na risiva ya 2010 inaifumbua vizuri kama ya mwaka huu. Transfoma haijui mwaka. Risiva iliyokuwa ya daraja la juu mwaka 2010 ina chuma kingi tumboni kuliko nyingi za bei ya chini zinazotoka kiwandani leo, na mimi sina TV ya 8K. Nina inchi 43 na king'amuzi.

Tukamalizana kwa laki mbili na nusu, pamoja na rimoti. Wakati tunaondoka mzee akachomoa kwenye kopo la misumari kitu cheusi kama kifuniko cha chupa chenye waya mrefu. "Hii sijui ni ya karaoke, chukueni." Ilikuwa maikrofoni ya kupimia chumba. Miaka yote aliyokaa nayo hakuwahi kuitumia!

Sasa kuiunganisha. Picha sikuipitisha kabisa kwenye risiva: king'amuzi kinaingia moja kwa moja kwenye TV, na sauti inarudi kwa risiva kwa njia ya ARC, yaani sauti ya TV kurudi kwa waya wa HDMI, ambayo ilikuja na hilo toleo la 2009. Kwa hiyo uzee wa HDMI haunigusi. Lazima niseme ukweli kwamba usiku wa kwanza ARC ilinigomea, TV inasema imeunganishwa na risiva inasema haijui kitu. Baada ya saa nzima nikakimbilia waya wa optiko, ule unaopitisha sauti kwa mwanga. Mke wangu aliona ncha yake ikiwaka nyekundu akauliza, "Yaani muziki unapita kwenye tochi?" Ndivyo. Kesho yake nikagundua kuna mahali kwenye menyu pa kuruhusu vifaa viongozane, nikaruhusu, ARC ikatii. Ila optiko ungetosha. Hasara yake kubwa ni kuongeza sauti kwa rimoti nyingine.

Spika mbili za mbele ni za zamani, maboksi ya mbao yaliyokuwa ya baba, omu 6 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ya katikati na mbili za nyuma nilizikusanya kwa fundi. Zile ndogo zilizokuja na sabufa sikuzitumia. Ni omu 4, nyembamba kama kopo la sadini, zingeipa risiva joto bila faida. Sabufa yenyewe je? Watu wengi wanaitupa hapa, na ni kosa. Risiva ina tundu moja nyuma kwa ajili ya besi peke yake. Nilitoa waya wa RCA, ule wa kawaida wa sauti, hapo mpaka kwenye tundu la AV la sabufa ile ile ya stika ya dhahabu. Sasa haina kazi nyingine ila kupiga mdundo, na kwa kazi hiyo moja imekuwa mtu mwingine kabisa.

Umeme nisiusahau. Mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na kila nyumba ina hadithi ya friji au TV iliyokufa siku umeme uliporudi kwa kishindo. Yangu ilikuwa amplifaya. Kwa hiyo risiva inakaa nyuma ya stabilaiza, na juu yake hapawekwi kitambaa cha kufuma wala maua ya plastiki. Hilo la kitambaa lilileta mjadala mrefu nyumbani kuliko bei. Nilimwonyesha mke wangu hewa ya moto inavyotoka kwenye matundu, akaweka kiganja, akakubali. Maua yamehamia juu ya friji.

Haina bluetooth. Nilinunua kale kadude ka kuchomeka kwa elfu kumi na tano, yakaisha.

Wapo wanaoniambia ningenunua kipya chenye warantii. Sawa, lakini kwa laki mbili na nusu kipya ni sabufa nyingine yenye stika kubwa zaidi. Mtu mwenye milioni na nusu anunue mpya na namtakia heri. Ninayezungumza naye hapa ni yule mwenye laki mbili tatu anayekwenda kuongeza taa za rangi sebuleni.

Jumamosi tulipima chumba. Nikaweka ile maikrofoni juu ya kochi, usawa wa kichwa changu, nikawaambia watoto wasipumue. Risiva ikaanza kutoa mivumo, *shhhh* kulia, *shhhh* kushoto. Ilipofika spika ya tatu jogoo wa jirani wa dagaa akawika, na risiva ikaandika kwamba kuna kelele, ikaacha. Tukarudia. Jogoo akarudia. Mara ya tatu mtoto mkubwa alikwenda nje kumshikilia.

Jioni wakataka muvi iliyotafsiriwa, zile za kuwekewa kwenye flashi, ambazo mtafsiri anaongea juu ya kila mtu. Sauti humo ni ya njia mbili tu, hakuna cha spika tano. Lakini risiva ina ufundi wa zamani unaotambua kilicho sawasawa kulia na kushoto na kukipeleka spika ya katikati, kwa hiyo mtafsiri alihamia chini ya TV, akatutolea maneno masafi kama amekaa pale, na bastola zikabaki pembeni. Tulikuwa kimya kabisa. Katikati ya mapigano jogoo akawika, mtoto akainuka kwenda nje na fimbo. Nikamrudisha. Alikuwa ni jogoo wa mtafsiri, huko alikorekodia. Muvi hiyo tumeiangalia kwenye sabufa labda mara tano, na hatukuwahi kumsikia.