Nipe Kwanza Nichungulie

Jumamosi nilishuka Kariakoo na hela ya kamera ya bei ya kati, senti zaidi sina. Kijana wa dukani hakuniuliza hata napiga picha za nini. "Bosi, hii megapikseli 24. Unaweka auto, unabonyeza, basi." Nikamwomba nichungulie kwenye tundu la kamera. Akashangaa. "Si kioo kipo huku nyuma?"

Kipo. Na jua la saa saba nalo lipo, na juani kioo hicho kinafaa kuchania nywele tu.

Tatizo langu ni kwamba nimelelewa na Nikon FM2, kamera ya filamu aliyoniachia mjomba. Ukiiweka jichoni unaona ukumbi mzima, na katikati kuna kile kiduara kilichokatwa nusu: unazungusha pete ya fokasi kwenye lenzi mpaka kope za bibi harusi ziungane, ndipo unabonyeza. Betri ikifa, vitaa vya kupimia mwanga vinazimika, lakini shata inaendelea kupiga mpaka 1/4000 ya sekunde kama vile haijasikia habari za msiba.

Sasa chungulia Nikon za dijitali za bei ya kati, D3400 au hata D5600. Ni kutazama sherehe ya jirani kwenye tundu la ufunguo. Ndani wameunga vioo vyepesi badala ya kuweka bonge zima la kioo, kwa hiyo unachoona ni kidogo na kimefifia. Utajuaje kwa jicho tu kama fokasi imekaa? Omba Mungu.

Halafu ifunge ile lenzi ya mjomba ya milimita 50. Inaingia vizuri kabisa, maana mdomo wa lenzi kwenye Nikon hizi ni uleule wa tangu 1959. Inaingia, kisha kamera inagoma kukupimia mwanga! Wamenyofoa kile kijichuma kinachosoma pete nyingine ya lenzi, ile ya kuongeza na kupunguza mwanga. Labda kilikuwa kizito sana kubeba. Nikon D7000 ya mwaka 2010 inacho, na tundu lake ni la kioo kizima. Ina megapikseli 16 tu, ndiyo. Picha zangu zinaishia kwenye albamu na WhatsApp. Hizo nane zilizopungua sijui ningezipeleka wapi.

Fuji X-T1 ina vile vifundo vya kuzungusha vya juu ninavyovipenda, lakini ukichungulia ndani unakuta televisheni, kiskrini kidogo badala ya kioo.

Haya, dijitali ina yake, siwezi kubisha. Filamu siku hizi unaitafuta kama dawa, na roli yangu ya mwisho ilirudi kutoka kusafishwa watu wote wamekuwa wa kijani. Usiku wa send-off, filamu ya ISO 400 (uwezo wa kunasa mwanga hafifu) inakuliza. Kamera za dijitali zinapanda 3200 bila jasho. Ila sensa ya D7000, yaani kile kinachonasa picha, ni ndogo kuliko filamu, hivyo lenzi ya 50 inabana picha kama ya 75. Sebuleni kwa shangazi, na kamera ya kuazima ya aina hiyohiyo, nilirudi nyuma kupata familia nzima mpaka mgongo ukagonga friji. Bado ananitania.

Kijana akainama shelfu ya chini, akatoa D7000 iliyotumika, mpira umeanza kubanduka. Nikafunga 50, nikazungusha, kinukta cha kijani cha fokasi kikawaka. Tukaanza kuvutana bei. Katikati ya mabishano akaiokota FM2 yangu pale mezani, akaiweka jichoni, akaelekeza mtaani. Akanyamaza muda mrefu kwa mfanyabiashara.

"Na hii, kaka, unaiuza shilingi ngapi?"