Chaza wa Algoa Bay, tamasha la Knysna

Kila Julai, wageni wanapoanza kumiminika Knysna kwa Tamasha la Chaza, hoja ileile hufufuka: chaza wenyewe si wa Knysna. Ni kweli. Hori ya mji huo wa pwani ya kusini ya Afrika Kusini ilifuga chaza wa biashara kwa miongo mingi, lakini siku hizi wengi wanaoliwa pale hutoka Algoa Bay, upande wa Gqeberha (zamani Port Elizabeth), zaidi ya kilomita 250 kwa lori la jokofu. Wengine hutoka Saldanha Bay, wengine Namibia. Basi, wanasema wakosoaji, kilichobaki ni jina tu: biashara ya mahoteli iliyovishwa kanzu ya mila.

Hoja hii inachekesha kidogo, ndiyo maana haiishi kurudiwa. Sioni tu inathibitisha nini. Tende tunazofuturia Mombasa na Unguja hatuzivuni sisi, na sijasikia mtu akisema futari si yetu kwa sababu hiyo. Chaza anakuja na lori. Anayemfungua, anayeosha sahani na anayelala macho kupanga vibanda ni mtu wa Knysna.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Tamasha lilianza 1983, na halikuwekwa katikati ya kipupwe kwa bahati mbaya. Desemba na Januari mji hauhitaji sherehe yoyote. Magari yamejaa barabara ya N2 na vyumba havipatikani. Mei na Juni ni habari nyingine. Jioni inaingia mapema, upepo wa baridi unatoka baharini, na nyumba za wageni zinakaa na funguo zote ukutani. Anayetandika vitanda kwa malipo ya saa hafukuzwi kazi, haitwi tu. Wiki hii siku mbili, wiki ijayo pengine moja. Kodi ya nyumba haijui msimu, wala ada ya shule. Siku kama kumi za tamasha hazimtajirishi, ila zinaangukia pale hasa ambapo mfuko umekauka, na ndiyo maana mtu huyu ukimwambia chaza ametoka mkoa mwingine atakutazama tu. Saa zile za Julai kwake ni nusu ya njia ya kufika Desemba. Wanaolipima tamasha kwa asili ya kombe lililo kwenye sahani wanaziruka saa hizo, na mimi kila nikiwasoma ndizo ninazozitafuta.

Mwaka 2017 swali la kama tamasha lifanyike lilikuja kwa ukali zaidi. Tarehe 7 Juni moto ulioendeshwa na upepo ulishuka kutoka vilimani, ukaua watu na kuteketeza mamia ya nyumba. Wiki chache baadaye tamasha likafanyika. Kuona aibu kula chaza kwa limau na pilipili manga mbele ya majivu ni jambo la kibinadamu, na simlaumu aliyeiona. Lakini kufuta kungekuwa kumnyima mshahara wa Julai mtu ambaye Juni ilikwisha kumnyang'anya paa. Na si mshahara tu. Vituo vya maji kwenye mbio za marathoni za msituni, zinazokimbiwa majira hayohayo, vinahitaji watu wa kujitolea wanaoamka kabla ya alfajiri. Mji uliokata tamaa haupati watu hao.

Wakosoaji wana hoja nyingine, nzito kuliko ya lori, na ajabu ni kwamba ndiyo wanayoitaja kidogo. Kima cha chini cha mshahara Afrika Kusini kuanzia Machi 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa. Sahani ya chaza sita mkahawani hupita kwa urahisi ujira wa saa nne wa anayeileta mezani. Vitongoji vya mlimani, Khayalethu na vinginevyo, vinautazama ukingo wa maji kutoka juu, na mara nyingi ni kutazama tu. Tena kuna majitaka. Uchafu umekuwa ukivuja kwenye hori, hasa mkondo wa Ashmead, kwa miaka. Chaza huishi kwa kuchuja maji, na huliwa mbichi: angekuwa bado anafugwa humo, kilichomo majini kingekuwa ndani yake. Hori hiyo ni makao ya farasi-bahari wa Knysna, aliye hatarini kutoweka. Mji unaojiuza kwa jina la chaza na kushindwa kuziba mabomba yake unastahili kusemwa, na usemwe hasa Julai, wageni wakisikia.

Ila hilo ni deni la manispaa. Kulifuta tamasha hakuzibi bomba hata moja.

Ningependa wakosoaji wabishane juu ya vibanda. Pwani hiyo ya kusini bado ina chaza wa mwambani, mwenye gamba zito lililoparuza, na wako wachumaji wenye vibali wanaoshuka na vyuma vyao bahari inapokupwa sana wakati wa bamvua. Meza ngapi za tamasha ni zao, na kibanda kinawagharimu kiasi gani? Waandaaji wakibandika orodha hiyo hadharani kabla ya Julai, pamoja na ada ya kila kibanda, wakosoaji watakuwa na kitu cha maana cha kuhesabu.